Sura ya Sita: Ndege za Mabomu na Tope la Mto Tana

Kijiji cha Wema kimo katika uwanda wa mafuriko wa Mto Tana wa chini, karibu na mji wa Garsen, katika nchi ya Wapokomo, wakulima ambao kwa vizazi vingi wamepanda mpunga, migomba na miembe kwenye kingo zinazorutubishwa na mto kila unapofurika, huku majirani wao Waorma na Wawardei wakiteremsha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi kwa njia za kunyweshea zinazoitwa malka. Vitabu vya historia ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia huitaja nchi hii kwa nadra, na vinapoitaja hutaja jina la mto tu, kama mstari uliochorwa kwenye ramani ya majenerali. Hata hivyo, katika miezi minane iliyoanza Juni 1940, Mto Tana ulikuwa ngome ya koloni zima la Kenya kwa upande wa mashariki, na anga ya nyika iliyo kati ya mto huo na Mto Juba wa Somalia ikawa njia ya ndege za mabomu za pande mbili zilizokuwa zikiwindana. Sura hii inazieleza ndege hizo na sababu zilizozifanya zianguke, lakini inakaa zaidi na yale yanayoipata ndege baada ya kuanguka katika nchi ya tope na mafuriko, kwa kuwa mahali ndege ilipoangukia huwa na historia mbili: ile ya dakika chache za ajali, ambayo wanajeshi waliiandika, na ile ya miaka themanini iliyofuata, ambayo wenyeji wa mahali hapo ndio walioiishi na ambayo ni machache sana yaliyopata kuandikwa juu yake.

Vita vilifika karibu na Tana kwa sababu ya mpaka uliosogezwa miaka kumi na mitano kabla. Hadi mwaka 1925 nchi ya Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, ilikuwa sehemu ya koloni la Kenya, na mwaka huo Uingereza iliikabidhi Italia kutimiza ahadi zilizotokana na Vita Vikuu vya Kwanza, hivyo mji ambao mabaharia wa Kibajuni na wafanyabiashara wa Lamu waliujua kama jirani ukawa kambi ya dola nyingine. Kutoka Kismayu hadi Garsen ni takriban kilomita 340 kwa mstari ulionyooka, umbali ambao ndege ya mabomu ya wakati ule iliumaliza kwa saa moja na nusu hivi. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, Waingereza walikuwa na askari wachache kaskazini mwa Kenya. Katikati ya Julai waliiacha ngome ya Moyale, Waitaliano wakasogea hadi Buna, na mpango wa ulinzi ukabaki kuitegemea nyika kame yenyewe, nyuma yake ukiwa Mto Tana. Mwezi huohuo zikawasili Kenya brigedi mbili, yaani vikosi vikubwa vyenye batalioni kadhaa kila kimoja, moja kutoka Nigeria na nyingine kutoka Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, hivyo mto wa Wapokomo ukalindwa na vijana waliokulia kando ya Niger na Volta.

Upande wa Italia, jeshi la anga lililoko Ethiopia, Eritrea na Somalia lilikuwa na ndege zaidi ya 300, na iliyotumika kwa wingi kuliko zote ilikuwa Caproni Ca.133, ndege ya injini tatu iliyoundwa katikati ya miaka ya 1930 na kutumika katika vita vya Ethiopia. Mifupa yake ilikuwa mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa kuchomelewa, na sehemu kubwa ya ngozi yake ilikuwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza kisipitishe upepo wala maji. Kwa hiyo ilikuwa ndege nyepesi na rahisi kutengeneza, lakini ilienda polepole na ilishika moto upesi. Tabia hii ya mwili wake inafaa kukumbukwa, kwa maana ndiyo itakayoamua baadaye kitakachosalia ardhini. Waitaliano walikuwa na ndege bora zaidi, kama Savoia-Marchetti SM.79, ila zilikuwa chache, na kwa kuwa Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza, vipuri, mafuta na magurudumu havikuweza kuletwa kwa meli. Hata ndege mpya za kivita aina ya Fiat CR.42 ziliwafikia zikiwa zimekongolewa vipande vipande ndani ya matumbo ya ndege kubwa za mizigo. Kiongozi mkuu wa majeshi hayo, Mtawala wa Aosta, Amedeo wa ukoo wa kifalme wa Italia, alikuwa mwenyewe rubani na jenerali wa anga, na alifahamu kwamba kila ndege iliyoanguka ilikuwa imepotea moja kwa moja.

Upande wa pili, mzigo wa vita vya angani juu ya Kenya ulibebwa zaidi na Waafrika Kusini, pamoja na skwadroni moja ya Warodesia iliyotumia ndege za mabawa mawili ambazo tayari zilikuwa zimepitwa na wakati. Skwadroni ni kikosi cha ndege, kwa kawaida kumi na mbili au zaidi kidogo, pamoja na marubani na mafundi wake. Ndege kuu ya mabomu ya Skwadroni ya 12 ya Afrika Kusini ilikuwa Junkers Ju 86, ndege ya Kijerumani ambayo shirika la South African Airways liliinunua kabla ya vita kwa ajili ya kubeba abiria, kisha ikafungwa bunduki na matundiko ya mabomu, hivyo mtu aliyeinua macho katika nyika ya kaskazini mwaka 1940 angeweza kuona mashine ya kiwanda cha Ujerumani ikipigana upande wa maadui wa Ujerumani. Tofauti na Caproni, mwili wa Junkers ulikuwa wa duralumini, yaani mchanganyiko wa alumini na kiasi kidogo cha shaba, magnesi na manganisi, ambao ni mwepesi kama alumini lakini una nguvu inayokaribia ya chuma.

Mapigano yalianza mara moja. Tarehe 11 Juni ndege za Junkers zilipiga kambi za Waitaliano upande wa Moyale, na alfajiri ya tarehe 13 Juni Caproni tatu zilishambulia kiwanja cha ndege na boma la Wajir, zikaua askari wa King's African Rifles na kuteketeza akiba kubwa ya mafuta ya ndege. Siku sita baadaye, karibu na Yavello kusini mwa Ethiopia, Waafrika Kusini walitungua ndege yao ya kwanza ya adui na katika pambano hilohilo wakampoteza rubani wao wa kwanza. Pwani haikuachwa, kwa kuwa mwezi Oktoba 1940 ndege za Italia zilidondosha mabomu Malindi, mji uliokuwa na wavuvi, wakulima na hoteli chache za walowezi. Mstari unaotoka Kismayu hadi Malindi hupita karibu na visiwa vya Lamu na kukata Ghuba ya Ungwana, ukiiacha Wema upande wa magharibi kwa kilomita themanini hivi, umbali ambao ni mdogo mno kwa rubani aliyepoteza njia. 

Ndege ya vita haianguki kwa risasi peke yake, na katika nyika ya Afrika Mashariki risasi haikuwa hata sababu ya kwanza ya kuhofiwa. Marubani walisafiri kwa hesabu ileile anayoitumia nahodha wa jahazi usiku usio na nyota: mwelekeo wa dira, mwendo na muda uliopita, kisha kukadiria mahali chombo kilipo. Hesabu hiyo huharibiwa na upepo usiojulikana kipimo chake, kwani upepo wa kusi wa kilomita thelathini kwa saa, ukimpiga rubani ubavuni kwa muda wa saa mbili, humsogeza kilomita sitini kando ya njia yake bila yeye kuhisi lolote, na chini yake hakuna reli wala barabara ya kumsahihisha, ila vichaka vya rangi moja kutoka upeo hadi upeo. Ramani za eneo kati ya Tana na Juba zilikuwa na nafasi tupu kubwa. Joto nalo hufanya hewa iwe nyepesi, injini ikapoteza nguvu na bawa likashindwa kuinua uzito uleule unaoinuliwa bila taabu asubuhi yenye baridi. Katika mazingira hayo mto wenye kijani cha misitu pande zote mbili, unaotambaa kama nyoka katikati ya nyika ya kijivu, ulikuwa alama bora kuliko zote, na rubani aliyeishiwa mafuta alikuwa na kila sababu ya kuutafuta Tana, ambako kulikuwa na maji, watu na ardhi tambarare inayoonekana kutoka juu kana kwamba ni kiwanja kilichosawazishwa. Kutoka juu, hata hivyo, rubani hawezi kutofautisha uwanda mkavu na kinamasi kilichofunikwa na nyasi.

Kisa cha rubani mmoja kinaonyesha jinsi mstari kati ya kupona na kupotea ulivyokuwa mwembamba. Tarehe 3 Februari 1941, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Alan Cunningham yakiwa yameanza kusonga kutoka Tana kuelekea Juba, Jack Frost wa Skwadroni ya 3 ya Afrika Kusini alizitungua Caproni tatu pamoja na ndege ya kivita iliyokuwa ikizisindikiza, zote katika mruko mmoja. Kismayu ikatekwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25. Tarehe 15 Machi, karibu na Dire Dawa, Frost mwenyewe alitunguliwa akatua kwa shida katika ardhi ya adui, na mwenzake Bob Kershaw akatua kando yake chini ya risasi, wakapaa wakiwa wawili katika kiti cha mtu mmoja. Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, tarehe 16 Juni 1942, Frost hakurudi kutoka pambano jingine huko Libya, na hadi leo si mwili wake wala ndege yake vilivyopatikana.

Jangwa la Libya, hata likimficha mtu, humhifadhi. Ndege ya mabomu ya Kimarekani iliyoitwa Lady Be Good, ambayo tarehe 4 Aprili 1943 ilipita juu ya kambi yake usiku bila kuitambua ikaendelea kusini hadi mafuta yakaisha, ilionekana na watafutaji wa petroli mwaka 1958 ikiwa imevunjika lakini nzima kiasi kwamba bunduki zake ziliweza kufyatuliwa, na miili ya wengi wa wafanyakazi wake tisa ilipatikana baadaye katika mchanga walimotembea. Hewa kavu haina unyevu wa kuanzisha kutu, na mahali pasipo na watu hapana wa kuchukua kitu. Uwanda wa Tana ni kinyume cha jangwa kwa yote mawili, na msomaji anayetarajia kukuta huku umbo la ndege limelala chini ya mti, kama picha za Libya zinavyoonyesha, anatafuta kitu ambacho nchi hii haikuumbwa kukihifadhi.

Udongo wa Wema na vijiji jirani vya Hewani na Kulesa ni mfinyanzi mzito ulioletwa na mto kutoka nyanda za juu za Kenya, ambao hufura unapolowa na kupasuka nyufa za kina unapokauka. Kitu kizito kilicholazwa juu yake hakikai mahali pamoja, kwa sababu kila msimu ukame hufungua ardhi chini yake na mvua huifunga tena, na kila mfunguko hukishusha kidogo. Injini ya ndege, ambayo ina uzito wa mamia ya kilo na ambayo wakati wa kuanguka hutangulia kupiga ardhi, huzama kwanza, na rafadha, yaani panga zinazozungushwa na injini ili kuivuta ndege, huifuata. Kitambaa cha Caproni huoza kwa masika moja au mbili, na mabomba ya chuma hubaki kama mbavu hadi kutu iyamalize. Duralumini haishiki kutu kama chuma, lakini ile shaba inayoipa nguvu ndiyo pia inayoidhoofisha palipo na chumvi, na karibu na delta chumvi haikosekani, hivyo bati lake huchanika matabaka matabaka mithili ya kitabu kilicholowa na hatimaye huwa unga mweupe.

Mto wenyewe nao huhama. Mdomo mkuu wa Tana haukuwa daima Kipini: katika karne ya 19 maji mengi ya mto yaliufuata mfereji wa Belezoni, uliochimbwa kwa mikono ili kuuunganisha na Mto Ozi, yakauacha mkondo wa kale uliomwagikia baharini kusini zaidi. Mafuriko ya mwaka 1961 na yale ya El Niño ya 1997 na 1998, ambayo pia yaliuvunja mradi mkubwa wa kilimo cha mpunga katika delta, yalifukia na kufukua kwa kiasi ambacho hakuna trekta ingeweza kukifanya. Kwa sababu hiyo mahali palipoelezwa mwaka 1940 kuwa ng'ambo ya mto huenda leo pakawa upande huu wa mto, na ziwa lililopinda kama upinde katikati ya shamba, ambalo ni mkondo uliokatwa ukaachwa, linaweza kuwa ndiyo mto uliotajwa katika ripoti.

Baada ya mto huja mkono wa mwanadamu, na hapa inafaa kusemwa waziwazi kwamba aliyechukua kipande cha ndege hakufanya uharibifu katika macho ya mtu yeyote wa wakati ule. Bati jepesi lisiloshika kutu lilikuwa mali katika nchi ambayo chuma kilifika kwa mashua au kwa ngamia, na kwa mhunzi bomba la chuma cha kiwandani lilikuwa malighafi bora ya majembe na visu. Siku hizi biashara ya vyuma chakavu imeyakuza matumizi hayo kupita kiasi, kwa kuwa kipande kilichotumika kijijini kama sufuria kwa miaka hamsini kilikuwa bado kipo na bado kingeweza kutambuliwa, ilhali kilichouzwa kwa kilo na kuyeyushwa hakiwezi kurudi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya Kenya ya mwaka 2015 iliwataka wafanyabiashara wawe na leseni, na Januari 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa miezi michache baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Shabaha ya hatua hizo ilikuwa kulinda nyaya na reli, mabaki ya vita hayakuwa akilini mwa mtu.

Kisa kilichoandikwa vizuri kuliko vyote cha ndege ya vita iliyoanguka katika delta ya pwani hii ni cha Mto Rufiji, Tanzania, na ingawa kilitokea katika vita vilivyotangulia, kinafaa kutazamwa kwa makini kwa kuwa mazingira ya Rufiji na ya Tana ni ndugu: mikoko kwenye midomo ya mto, mpunga juu yake, tope kila mahali. Manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, iliyoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya Rufiji, na Waingereza wasioweza kuingia na meli zao kubwa wakaamua kuitafuta kutoka angani. Ndege yao ya kwanza ilikuwa mashua ya kuruka aina ya Curtiss, yaani ndege yenye tumbo la mtumbwi inayotua majini, iliyoletwa kutoka Durban na kurushwa na raia aliyepewa cheo cha haraka, Dennis Cutler. Aliiona Königsberg mwezi Novemba, lakini tarehe 10 Desemba 1914 injini yake ilimlazimisha kushuka mtoni, Wajerumani wakamkamata. Ndege zilizofuata ziliteswa na hali ya hewa kuliko na adui, kwani unyevu ulilegeza gundi na kupinda mbao, na katika joto la mchana baadhi hazikuweza hata kuinuka majini zikiwa na bomu.

Hatimaye kiwanja kilitengenezwa katika kisiwa cha Mafia, na mwezi Julai 1915 ndege ziliruka juu ya delta ili kuzielekeza kwa simu ya upepo mizinga ya meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo hazikuweza kumwona adui nyuma ya mikoko. Tarehe 11 Julai rubani John Cull na mwangalizi wake Harwood Arnold walikuwa juu ya Königsberg ndege yao ilipopigwa, na wakati Cull akiiteremsha kwa mabawa matupu Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha hadi makombora yakaanza kuipiga manowari. Ndege iliangukia mtoni ikapinduka. Arnold akarushwa nje, Cull akazama akiwa amefungwa kitini na akajifungua chini ya maji, kisha mashua ya Mersey ikawaokoa wote wawili. Siku hiyohiyo nahodha Max Looff aliilipua meli yake.

Kilichosalia katika kisa hicho ni fundisho kwa anayetafuta mabaki popote katika delta zetu. Mizinga kumi ya Königsberg iliondolewa, ikavutwa nchi kavu na kutumika katika vita vya Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani, na mmojawapo umesimama leo ndani ya Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, meli na muuaji wake wakiwa uani pamoja. Mwili wa manowari ulionekana juu ya tope kwa miaka mingi, ukakatwa kidogo kidogo na wauza vyuma, na salio likazama katika kitanda cha mto. Ndege ya Cull, ambayo bila macho yake mizinga ya Severn na Mersey ingekuwa ikipiga mikoko, haina hata kipande kilichowekwa mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kukiona.

Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya, taasisi ambayo ndiyo ingetazamiwa kupaangalia mahali ndege ilipoangukia huko Tana, lakini sheria inayoiongoza ina ukingo ambao haukuwekwa kwa kuzifikiria ndege. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inakitambua kuwa kitu cha kale kile kitu kihamishikacho kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, yaani mwaka ambao utawala wa Kiingereza ulitangazwa. Kwa kipimo hicho ndege ya mwaka 1940 si kitu cha kale, wala haitakuwa hata ikifikisha miaka mia mbili, kwa sababu kipimo ni tarehe na si umri. Sheria hiyohiyo inaulinda mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946, jambo linalostahili sifa, kwani bila ulinzi huo milango ya Lamu ingekuwa imeondoka kwa meli; lakini maana yake ni kwamba mlango uliochongwa mwaka 1940 umelindwa, na ndege iliyopita juu ya nyumba yake mwaka huohuo haimo, ila waziri aitangaze kwa jina. Uingereza, kwa upande wake, ilipitisha sheria mwaka 1986 inayolinda moja kwa moja kila ndege iliyoanguka ndani ya nchi hiyo ikiwa katika utumishi wa kijeshi, bila kujali umri wake wala ni ya taifa gani, na anayetaka kuchimba sharti aombe leseni kwanza. Utaratibu wa namna hiyo usingeigharimu Kenya fedha nyingi, na ungewapa wazee wa kijiji, ambao miongoni mwa Wapokomo wana baraza lao liitwalo gasa, mahali pa kupeleka taarifa wanapoambiwa kuna lori linalochimba usiku.

Sababu ya kuweka utaratibu huo haiishi kwenye chuma. Ndege ya mabomu ilibeba watu, watatu katika Caproni au katika ndege nyepesi ya mabomu ya Fairey Battle, na wanne au zaidi katika ndege nyingine, na mahali ilipoangukia huenda pakawa kaburi. Askari na marubani wa dola ya Uingereza waliokufa katika kampeni hii bila kujulikana walipolala wameandikwa majina katika ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye Barabara ya Ngong, na Waitaliano wana kanisa lao la kumbukumbu huko Nyeri, lililojengwa mwaka 1952, ambamo amezikwa pia Mtawala wa Aosta aliyefariki Nairobi akiwa mateka mwezi Machi 1942. Nyuma ya jina lililochongwa penye kaburi lisilojulikana kuna familia ambayo haikupata kuambiwa mahali. Tena mabomu ambayo hayakulipuka hayakosi hatari kwa sababu ya uzee, kwa kuwa fyuzi, yaani kifaa kidogo kinachowasha baruti, huzidi kuwa nyeti kadiri kinavyooza. Mkulima ambaye jembe lake limegonga chuma kizito cha mviringo hana budi kukiacha hapohapo, kuweka alama na kuita polisi.

Anayetaka kupata mahali penyewe huanza na daftari za shughuli za kila skwadroni, ambazo za Waingereza zimehifadhiwa Kew, London, za Waafrika Kusini Pretoria, na za Waitaliano katika ofisi ya historia ya jeshi la anga huko Roma. Daftari hizo hutoa siku, aina ya ndege, majina ya waliomo, na mahali kwa makadirio ya mtu aliyekuwa akiruka akiwa na hofu juu ya ramani yenye nafasi tupu. Makadirio hayo yanaweza kukosea kwa kilomita nyingi, na hapo ndipo kumbukumbu ya kijiji inapochukua nafasi, kwa kuwa mwenyeji hakukadiria, alitembea hadi pale. Lakini swali lazima liulizwe kwa kalenda yake. Aliyekuwa na miaka kumi wakati mabomu yakidondoka Malindi sasa amepita tisini, na wanaosimulia leo ni wale waliosimuliwa na wazazi wao. Ukimuuliza mmoja wao kuhusu mwaka 1940 humpi chochote cha kushika, ilhali ukimuuliza kama jambo lilitokea kabla au baada ya gharika ya 1961, mto ulikuwa ukipita wapi wakati huo, shamba lilikuwa la ukoo upi, na nani alileta nyumbani bati lililofanywa sufuria, utapata mahali pa kuanzia kupima. Mto nao, tangu bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981 na kuyazuia maji huko juu, hupanda kingo mara chache kuliko zamani, ingawa mafuriko ya mwaka 2023 na 2024 yalionyesha bado una nguvu, na katika miaka ya ukame mikondo iliyoachwa hukauka hadi chini, wachungaji wakashuka ndani kuchimba visima vya kunyweshea ng'ombe katika tope ambalo mwaka 1940 lilikuwa kitanda cha mto.